Nyayo Zilizopanda Bila Kushuka

Jiwe la kwanza lilimpata Mangru mdomoni, la pili begani, na kabla la tatu halijaondoka mkononi mwa mtu, Inspekta Kunzes Chosdon alikuwa ameshafyatua risasi moja hewani. Mlio uligonga majabali ya Rangtse ukarudi, na mbwa wote wa mji wakaanza kubweka huko chini. Watu kama thelathini waliojazana uani kwa Mzee Tundup walinyamaza. Hakuna aliyeangusha jiwe lake.

"Ya pili haiendi juu," Kunzes alisema. "Nani anaitaka?"

Alipita katikati yao akisukuma vifua kwa kiwiko, mpaka pale Mangru alipolala juu ya theluji, pekupeku, jicho moja limefumba kwa uvimbe, meno yake mawili mbele yake. Mgeni ni kuku mweupe, na majira yale ya baridi Rangtse nzima haikuwa na mgeni mwingine. Alipanda kutoka nyanda za joto kuja kuvunja kokoto za barabara. Lori la mwisho lilipoondoka kabla theluji haijaziba njia, yeye alikuwa kitandani na homa, wakamwacha. Mzee Tundup ndiye aliyempa pa kulala, zizini pamoja na mbuzi. Sasa Mzee Tundup alikuwa ndani, amepasuliwa kichwa kwa tezo lake mwenyewe.

"Binti wa Rigzin, usitutishe," alisema Punchok, mkuu wa mji, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa yaki ng'ambo ya bonde. "Mzee wetu ameuawa mbele ya madhabahu yake. Sisi tukae tukuangalie wewe na bastola yako?"

"Kaeni. Nitamkamata aliyeua."

"Aliyeua unamkanyaga mguu hapo. Na ukishamkamata utampeleka wapi? Barabara haifunguki mpaka Mei. Utamweka kituoni ale unga wetu wa shayiri miezi mitatu, anenepe, ndipo hakimu amwone?"

Watu wakacheka kicheko kibaya. Loo, watu wakiwa wengi hasira huwa haina mwenyewe, kila mmoja anaiazima kwa jirani.

Mtu mrefu, macho mekundu kwa kulia, alijitokeza na kuinua mikono. Huyu alikuwa Skarma, mkwe wa marehemu. "Jamani, mwacheni Inspekta afanye kazi yake. Aliyekufa ni baba yangu mimi. Kama mimi ninasubiri, nanyi subirini."

"Nipeni mpaka mabaragumu ya monasteri ya adhuhuri," Kunzes alimwambia Punchok. "Yakilia sijakuonyesha kitu, nitawapisha mumchukue."

Punchok alitazama jua, akatazama watu wake. "Mpaka adhuhuri. Baada ya hapo tunamshusha mtoni, na barafu ina tundu la kumtosha."

Konstebo Motup, mnene na mwenye maneno mengi, polisi mwingine pekee wa mji ule, alimkokota Mangru hadi zizini, akamlaza kwenye nyasi na kufunga mlango kwa komeo la mti. Alirudi amekunja uso. "Afande, yule mbavu zimekwenda. Anapumua kama mvukuto uliotoboka."

"Umempa maji?"

"Nimempa. Yametoka na damu."

"Twende ndani."

Mzee Tundup alikuwa ameketi bado, amekunja miguu, kifua kimelalia meza ndogo ya madhabahu. Tezo lilikuwa limezama kisogoni mpaka kwenye mpini. Damu ilikuwa imeteremka kwenye kitambaa cha madhabahu na kuganda, na siagi ya taa iliyopinduka ilikuwa imeganda juu yake. Motup alienda dirishani, akavuta pumzi, akarudi.

"Mapigo mangapi?" Kunzes aliuliza.

"Naona moja tu, Afande."

"Hesabu vizuri."

Motup aliinama. "Matatu. Moja begani, halafu kichwani mara mbili. La kwanza lilikosea."

"Mtu akipigwa begani kwa tezo halafu asigeuke, maana yake hakupewa nafasi. Tazama bakuli."

Bakuli saba za shaba zilikuwa zimepangwa mstari mbele ya madhabahu. Nne zilikuwa na maji, yameshakuwa barafu. Tatu zilikuwa kavu, na kibuyu cha maji kimelala ubavu karibu na goti la mzee. Kila nyumba ya Rangtse hujaza bakuli hizo alfajiri, baragumu la kwanza la monasteri linapolia, wala si mapema wala si baadaye.

"Alifika ya nne," Motup alisema. "Basi ni alfajiri hasa."

"Na theluji ilikatika alfajiri hiyohiyo. Nilikuwa juu ya paa langu nina koleo mkononi, baragumu likilia. Tangu hapo haijadondoka hata chembe."

"Kwa hiyo aliyeingia au kutoka hapa baada ya hapo..."

"Ameandika. Twende tukasome."

Njia ya kutoka nyumba hiyo ndogo, alikohamia mzee alipomwachia binti yake nyumba kubwa ya mjini, mpaka mjini iliteremka mtelemko mkali, na katikati yake ulilala ukuta wa sala, urefu wa hatua sabini, mawe yake yote yamechongwa maneno matakatifu. Njia iligawanyika pande zake mbili. Anayepanda huuweka ukuta mkono wake wa kulia, na anayeshuka vilevile huuweka kulia, ndiyo maana wapandao na washukao hawakutani pale hata siku moja. Mtoto wa Rangtse hujua hilo kabla hajajua kufunga mkanda.

Upande wa kupandia theluji ilikuwa imekuwa tope. Umati wote ulikimbilia huko, na katika ghadhabu zao zote, na mawe mikononi, hakuna hata mmoja aliyeupita ukuta vibaya. Upande wa kushukia ulibaki mweupe. Juu yake palikuwa na mistari miwili tu. Mmoja ulikuwa wa Yangdol, binti wa marehemu, alivyoteremka mbio akipiga mayowe baada ya kumkuta baba yake. Wa pili ulikuwa wa gambuti kubwa, zimeelekea juu.

Punchok aliwafuata, mikono nyuma. "Mmeona sasa? Amepanda kutoka mjini asubuhi, katoka kulewa huko. Hakuna nyayo zake za kushuka. Aliyepanda akaua bado yuko juu, na juu hakukuwa na mtu ila yeye. Na tazama kisigino cha kushoto."

Kisigino cha kushoto kilikuwa na kiraka cha mpira wa tairi, chenye mistari mitatu. Mji mzima ulikijua. Mangru alikikata mwenyewe kwenye tairi bovu na kukishona kwa waya, na watoto walimcheka wiki nzima.

"Isitoshe," Punchok aliendelea, "amepanda upande wa kushukia. Ukuta mkono wa kushoto! Mtu wetu gani anafanya hivyo? Hata mlevi wetu hafanyi. Ni mgeni, na hana adabu ya mahali."

"Asante, mzee. Rudi uani ukawatulize watu wako."

Alipoondoka, Kunzes alipiga magoti. Alipima alama moja baada ya nyingine kwa shubiri. Kisha alimwambia Motup apande hatua kumi kwenye theluji safi kando ya mstari ule.

Motup alipanda, akihema.

"Sasa teremka kinyumenyume, sehemu nyingine."

"Afande, mimi na uzito huu?"

"Kinyumenyume, Motup."

Motup aliteremka akipapasa kwa mguu, akilalamika kimoyomoyo na kwa sauti pia. Hatua ya saba alikaa kitako puu! Kunzes hakucheka. Aliinama akalinganisha mistari yote mitatu ya nyayo, miwili ya Motup na ule wa gambuti.

"Njoo uone. Ulipopanda, hatua zako ni ndefu na kisigino kimeacha alama kamili. Uliposhuka kinyumenyume, hatua ni fupi, na ncha ya kiatu ndiyo iliyozama, kisigino kimegusa tu. Za gambuti zikoje?"

Motup alitazama. Akafuta pua. "Fupi. Ncha imezama."

"Na hapa juu, njia inapogawanyika, kuna shimo la makalio na viganja viwili, kama lako. Mtu anayepanda akiteleza huanguka kifudifudi. Huyu alikaa."

"Loo! Alikuwa anashuka!"

"Alikuwa anashuka, amegeuza mgongo, ili tudhani amepanda. Alifikiria kila kitu isipokuwa ukuta. Alikuwa anakwenda chini, basi miguu ikamchukulia njia ya kushukia. Punchok anasema hakuna mtu wetu anayeupita ukuta vibaya. Kweli kabisa. Hata huyu hakuupita vibaya, na mikono yake ina damu ya mzee."

Motup aligeuka kutazama mji, mapaa bapa ya udongo moja baada ya jingine, moshi wa samadi ukipanda. "Kwa hiyo ni mmoja wetu."

"Alipanda jana usiku theluji ikianguka, akitegemea itaendelea imfunike wakati wa kurudi. Ikakatika. Akaona viatu vya Mangru mlangoni pa zizi, mzee hakutaka viingie ndani vikanuka. Akavivaa."

"Basi twende tukawaambie!"

"Tukawaambie nini? Ncha na kisigino? Wewe ungekuwa na jiwe mkononi ungesikiliza habari za ncha na kisigino?" Kunzes alisimama, akapangusa magoti. "Mangru wamemtoa zizini pekupeku. Kama gambuti zimepanda na hazikushuka, ziko wapi? Zitafute."

Walizitafuta. Walipekua chumba cha juu, jiko, stoo ya shayiri, hata ndani ya pipa la pombe. Hazikuwepo. Jua lilikuwa limebakiza mkono mmoja kufika katikati, na uani watu walikuwa wameanza tena kusogea.

Kunzes aliwaita Yangdol na Skarma jikoni.

Yangdol alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mashavu yaliyochomwa na upepo, na chini ya sikio la kushoto alikuwa na alama ya pigo la siku mbili tatu, imeanza kugeuka manjano. Skarma alikaa karibu naye. Mji ulikuwa na utani wake juu ya ndoa ile. Khangsar, nyumba kubwa ya ukoo wa Mzee Tundup, haikupata mtoto wa kiume, hivyo Yangdol ndiye aliyeirithi, na mwanamume akaletwa kwake. Walevi walimwimbia Skarma kwamba yeye hakuoa, aliolewa. Mwanamume wa namna hiyo hukaa kwa ridhaa ya wenye nyumba, na wakimchoka humtoa mlangoni na kile alichokuja nacho. Watoto hubaki.

"Pole, dada," Kunzes alimwambia Yangdol. "Ulipanda saa ngapi?"

"Baada ya kukamua. Nilimletea mikate na chai ya siagi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nilidhani amesinzia kwenye sala. Nikamshika bega, mkono ukaingia ndani."

"Na wewe, kaka, mara ya mwisho umemwona lini?"

"Juzi," Skarma alisema. "Tulipakia nyasi pamoja. Mzee alikuwa mzima, ananitania. Jana sikutoka, theluji ilikuwa nzito." Machozi yalimtoka tena, akayaacha yateremke. "Yule kenge tulimlisha kwa mikono yetu, dada. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea."

"Theluji ilipokatika ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Juu ya paa, kama watu wote. Nilisafisha paa peke yangu, sikutaka kumwamsha mke wangu."

Kunzes alimtazama Yangdol. Yangdol alikuwa anatazama jiko lisilo na moto. Rangtse, theluji ikikatika, mji mzima hupanda kusukuma theluji kabla hata ya chai, maana paa la udongo likilowa huangukia watoto. Kutoka kwenye paa lake alfajiri ile Kunzes aliwaona majirani wote. Juu ya paa la Khangsar alimwona mtu mmoja tu, mwembamba, amejifunga shali nyekundu, akisukuma koleo peke yake.

Lakini paa si ushahidi, na umati ungesema mume alilala, kuna kosa gani? Alifunga daftari lake na kutoka uani, wote wawili wakimfuata.

"Haya sikilizeni!" alisema, kwa sauti ya kumfikia aliye mbali kabisa. "Nyayo nimeziona. Ni za gambuti za Mangru, hilo sibishani nanyi. Kinachonikosesha usingizi ni kimoja: gambuti zenyewe sizioni. Nikizipata ndani ya nyumba hii, basi amepanda nazo, ameua nazo, na mimi mwenyewe nitawapa Mangru kwa mikono yangu. Nisipozipata, nitajua zimeshuka kwa miguu ya mtu mwingine, na nitaingia nyumba kwa nyumba, kitanda kwa kitanda, mpaka nizione."

"Umetafuta kila mahali?" Punchok aliuliza.

"Zizini bado. Nyasi ni nyingi na sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Naandika ripoti yangu juu, nakunywa chai, kisha nitazipekua. Mangru amezirai, hendi popote."

"Nitaleta chai mimi," Skarma alisema upesi. "Na samadi ya kuwashia jiko. Watawa wanakuja kumsomea mzee, hawawezi kukaa kwenye baridi hii."

"Mungu akubariki, kaka," Motup alisema, na siku ile hakusema uongo mwingine mzuri kuliko huo.

Kunzes aliingia chumba cha juu, akakanyaga sakafu kwa kishindo mara mbili tatu, akavuta kigoda. Kisha alivua viatu, akafungua mfuniko wa sakafuni ambao mzee alishushia nyasi, akateremka ngazi mpaka zizini.

Mbuzi kumi na wawili walimtazama. Mangru alifungua jicho lake moja.

"Madam," alinong'ona, "wameondoka?"

"Sikiliza. Atakuja mtu. Utafumba jicho, utakuwa kama maiti. Hata akikugusa usitikisike."

"Mtu gani?"

"Aliyemuua mzee."

Mangru alivuta pumzi kwa shida. "Unanitega kama nyama ya chui, Madam."

"Ndiyo," Kunzes alisema. "Nipo hapa, nyuma ya nyasi. Hatua tatu."

"Na asipokuja?"

"Atakuja. Fumba jicho."

Hakuchelewa. Nje alisikika Motup akimsifu mtu kwa chai, akimwambia samadi apeleke tu, Afande yupo juu anaandika. Komeo likavutwa. Skarma aliingia ameinama, kapu mgongoni limejaa samadi kavu, akaurudisha mlango kwa kisigino na kuliegemeza komeo hapo ndani. Alisimama akisikiliza juu. Kisha alimsogelea Mangru, akamsukuma mbavuni kwa ncha ya kiatu. Mangru hakutikisika. Mungu peke yake ndiye anayejua alivyoweza.

Skarma alishusha kapu, akaingiza mikono chini ya samadi, akatoa gambuti moja, kisha ya pili. Tairi la kisigino lilionekana wazi, na juu yake theluji iliyoyeyuka ilikuwa imeacha alama nyekundu. Alipiga magoti akaanza kumvisha Mangru mguu wa kulia. Mguu ulikuwa umevimba kwa baridi, hauingii. Alisukuma kwa nguvu, na Mangru, maskini, akaguna.

Skarma aliganda. Kisha alifanya haraka kuliko Kunzes alivyotarajia. Goti lilitua kifuani juu ya mbavu zilizovunjika, gunia tupu likabanwa usoni kwa mikono miwili, na uzito wake wote ukashuka.

"Skarma!" Kunzes aliruka kutoka kwenye nyasi na bastola mbele. "Simama!"

Hakusimama. Alilirusha kapu zima, likampata Kunzes usoni, samadi ikamwingia machoni, bastola ikaenda katikati ya mbuzi. Alipofungua jicho Skarma alikuwa ameshachomoa mundu uliochomekwa ukutani. Kunzes aliinua mkono. Mundu ulipita kwenye koti, ukapita kwenye nyama, ukagusa mfupa. Alihisi moto kwanza, maumivu yakaja baadaye. Mbuzi walikuwa wanapandana, wanalia, na katikati ya vumbi lile Skarma aliinua mundu tena.

"Ungekunywa chai yako tu, dada," alisema. "Ungekunywa tu chai!"

Mundu haukushuka. Mangru alikuwa amemng'ata kwenye shavu la mguu, kwa meno yaliyomsalia, na hakuachia. Skarma alipiga ukelele, akageuka kumkata kichwa, na Kunzes akaliokota komeo la mti lililokuwa limeegemea mlangoni, akalizungusha kwa mkono wake mzima. Lilimpata Skarma puani. Mfupa ulivunjika kwa sauti waliyoisikia wote watatu. Alimpiga la pili mkononi, mundu ukaanguka. La tatu alimpiga kwa hasira tu, wala halikuwa na haja, na baadaye hakuliandika kwenye ripoti.

Nje mabaragumu ya monasteri yalianza kulia. Adhuhuri. Mara mlango ukapigwa teke, na Punchok akaingia na jiwe mkononi, watu wamejaa nyuma yake, Motup akiwavuta makoti bila mafanikio.

Waliona Inspekta wao damu inamchuruzika mpaka vidoleni. Wakamwona Skarma chini, pua imelala upande. Wakamwona Mangru, gunia shingoni, gambuti moja imeingia nusu mguuni na nyingine ndani ya kapu la Khangsar.

Punchok hakuwa mjinga. Alitazama kapu muda mrefu. "Umeingia nazo wewe," alimwambia Skarma.

"Alivaa viatu vya Mangru akashuka kinyumenyume," Kunzes alisema, akikaza mkono wake kwa shali. "Akafuata upande wa kushukia kwa sababu alikuwa anashuka. Punchok, wewe mwenyewe umeniambia. Mtu wetu haupiti ukuta vibaya."

Jiwe la kwanza lilimpita Skarma likagonga ukuta. La pili lilimpata paja. Walikuwa walewale, na hasira ileile, wamebadilisha tu wa kumpiga. Kunzes alisimama mbele yake. "Ebo! Mmekosea mtu mara moja leo. Hamjachoka?"

"Mimi sikukosea mtu!" Skarma alipiga kelele kutoka chini, damu ikimjaa mdomoni. "Nimekula matusi yenu miaka tisa! Nimeolewa, nimeolewa! Na baada ya sikukuu ya Mwaka Mpya wetu, mwezi ujao, mzee yule angenitoa mlangoni na blanketi nililokuja nalo. Nilimsikia na mke wangu wakilizungumza. Wanangu wawili wangemwita mwanamume mwingine baba! Nilipanda kumwomba. Nilijilaza kifudifudi sakafuni kwake, nikamwomba usiku kucha, akaniambia nenda kalale, mambo yatakuwa sawa. Mambo yatakuwa sawa! Nikajua ameshaamua."

Watu walipisha. Yangdol alikuwa amesimama mlangoni.

"Hakuamua," alisema. "Nilitaka mimi."

Skarma alimtazama.

"Mimi niliyechoka kupigwa ndiye niliyetaka uondoke. Mara tatu nilimwomba baba akutoe, mara tatu alikataa. Juzi aliponiona shingo hii alilia, bado akakataa. Akasema, mwanangu, watoto watakosa baba, nitazungumza naye, mvumilie." Alikuwa hapigi kelele. "Nyumba nzima ile, Skarma, mtu aliyekutaka alikuwa mmoja."

Skarma alifungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa neno, ni sauti kama ya mnyama aliyekanyaga mtego, na iliendelea mpaka Motup alipomfunga pingu na kumburuta nje, na huko nje bado iliendelea. Hakuna aliyemrushia kitu tena.

Zizini watu walikuwa wanatazama nyasi, mbuzi, mikono yao.

"Na huyu?" Punchok aliuliza hatimaye, bila kumtazama Mangru.

"Ana mbavu nne zilizovunjika na moja imemchoma ndani," Kunzes alisema. "Akilala hapa usiku mmoja atakufa."

"Mpelekeni nyumbani kwangu," Yangdol alisema. "Kuna jiko na kitanda. Mbebeni ninyi wenyewe mliompiga."

Punchok aliweka jiwe lake chini polepole, karibu na mlango. Akavua joho lake la sufu na kulitandika kwenye nyasi. Wanaume wanne wakajitokeza bila kuitwa, wakamsogelea Mangru.

Mangru aliona miguu minane inamjia. Alijikunja, akafunika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kuwaomba kwa lugha ya kwao, maneno yaleyale, tena na tena. Wale wanne walisimama wamemwinamia, mikono mitupu, hawajui wamguse wapi. Mmoja wao alianza kulia. Walikaa hivyo mpaka Kunzes alipopiga magoti kwenye nyasi, akamshika Mangru kiganja, akamweleza kwamba safari hii wamekuja kumbeba.